Kati ya 64 na 65

Mwaka 2001 kuna mtu alilipa dola 39,100 kwa senti moja. Haikuwa senti ya kale. Ilichapwa Philadelphia mwaka 1963, ina sura ya Rais Lincoln, na ni moja kati ya senti zaidi ya milioni tatu zilizochapwa mwaka huo kwa uangalifu maalumu kwa ajili ya wakusanyaji. Haikuwa na kosa lolote la uchapaji, wala hadithi ya kusisimua nyuma yake. Ukiiweka mezani pamoja na nyingine kumi za aina yake, wewe na mimi tunaweza kuzitazama mpaka jioni tusione tofauti. Tofauti ilikuwa kwenye kibandiko. Kampuni ya kupanga madaraja ya sarafu ilikuwa imeipa namba 70, alama ya juu kabisa, na wakati ule zilizokuwa zimefika hapo zilikuwa haba mno. Miaka ikaenda, nyingine zikapelekwa, nazo zikapewa 70, bei ikaporomoka mpaka dola mia chache. Senti yenyewe haikubadilika hata chembe.

Watu hukisimulia kisa hiki huku wakicheka, eti matajiri hawana kazi. Lakini nyuma yake kuna swali lililowagombanisha wakusanyaji wa sarafu wa Marekani kwa zaidi ya miaka sabini: kati ya sarafu nzuri na iliyo nzuri zaidi, tukate madaraja mangapi? Na kila tukiongeza daraja, tunaona zaidi, au tunatengeneza tu kitu kipya cha kuuza?

Enzi za maneno

Kabla ya namba kulikuwa na maneno. Katika karne ya 19, minada ya sarafu iliposhika kasi Marekani, mwuzaji aliandika kwenye orodha yake kwamba sarafu ni nzuri, safi, au safi sana, na mnunuzi aliye mbali akaamini au asiamini. Ulaya ilikuwa na msamiati wake. Wafaransa husema fleur de coin, yaani ua la chapa, kwa sarafu ambayo ni kama imetoka mashineni sasa hivi. Wajerumani husema sehr schön, nzuri sana, kwa sarafu ambayo kwa kweli imeshapita mikononi mwa watu wengi.

Maneno ya sifa yana ugonjwa mmoja: hupungua nguvu kadiri yanavyotumika. Kila mwuzaji anataka kusifu, kwa hiyo sifa ya jana leo haitoshi. Ndiyo maana katika lugha ya wauza sarafu wa Kiingereza, neno lenye maana ya "nzuri" limeishia kuitwa sarafu iliyochakaa mpaka sura ya mtu imebaki kivuli. Aliyewahi kuambiwa sokoni "hii gredi wani, kaka", halafu akafika nyumbani akaona kola imetoboka, hahitaji kuelezwa zaidi. Sarafu ileile ikiuzwa ni safi sana, ikinunuliwa ni ya kawaida tu.

Daktari wa maumbo

Aliyeleta namba hakuwa dalali wa sarafu. William Sheldon alikuwa mwanasaikolojia wa Marekani, na jina lake lilijulikana kwanza kwa nadharia ya maumbo ya mwili. Alidai kwamba kila mtu ana kiasi fulani cha unene, kiasi cha misuli na kiasi cha wembamba, akampa kila mmoja alama kuanzia 1 hadi 7 kwa kila sifa, kisha kutokana na alama hizo akadai kusoma tabia yake. Kwa kazi hiyo wanafunzi wengi wa vyuo vikuu vya Marekani walipigwa picha wakiwa uchi, jambo lililokuja kuleta fedheha kubwa baadaye. Nadharia ile leo imetupwa. Kipimo chake cha sarafu ndicho kilichobaki.

Sheldon alipenda senti kubwa za shaba zilizochapwa Marekani tangu 1793 hadi 1814. Mwaka 1949 alitoa kitabu juu yake, Early American Cents, na ndani yake akaweka kipimo cha kuanzia 1 hadi 70. Moja ni sarafu iliyosagika mpaka unaitambua kwa shida. Sabini ni sarafu isiyo na dosari. Katikati kuna ngazi zilizokwenda kwa kurukaruka: 4, 8, 12, 20, 40, 50, na juu kabisa, kwa sarafu ambazo hazijawahi kutumika, ngazi tatu tu: 60, 65 na 70.

Kwa nini 70 badala ya 100? Kwa sababu ya bei. Kwa soko la siku zile, senti iliyo bora kabisa iliuzwa takriban mara sabini ya bei ya senti iliyochakaa kabisa ya aina hiyohiyo. Kwa hiyo ukijua bei ya ile ya chini kabisa, unazidisha kwa namba ya daraja, unapata bei. Kama ya chini ni dola 2, basi ya daraja la 30 ni dola 60. Hesabu ya darasa la tatu.

Naomba tukumbuke jambo hili, maana historia yote inayofuata inalisahau. Kipimo hiki kilizaliwa sokoni. Hakikuanza kwa mtu kupima kina cha mikwaruzo au kiasi cha mng'ao. Kilianza kama njia ya kukisia bei, na baada ya miaka michache hata kazi hiyo kikashindwa, kwa sababu bei za sarafu bora zilipaa na kuiacha hesabu ya Sheldon nyuma. Namba zikabaki zimesimama bila ile nguzo iliyozisimamisha, na watu wakaanza kuzitazama kana kwamba zinapima kitu kilichomo ndani ya shaba yenyewe.

Kuna sehemu nyingine ya habari za Sheldon. Baada ya kifo chake mwaka 1977 iligundulika kwamba katika mkusanyo wa American Numismatic Society, jumuiya ya wataalamu wa sarafu huko New York, senti nyingi zilikuwa zimebadilishwa. Sheldon, aliyepewa ruhusa ya kuzichunguza, alichukua zilizo bora na kuacha mahali pake zilizo duni za aina ileile. Hesabu ya sarafu ilibaki sawa. Kilichotoweka ni tofauti ya madaraja. Jumuiya ilikwenda mahakamani, na katika miaka ya 1990 mahakama za California ziliipa haki ya kurudishiwa mali yake.

Dola zilizolala kwenye magunia

Kama mambo yangeishia kwenye senti za shaba, mjadala huu ungebaki wa wazee wachache wenye vioo vya kukuzia. Kilichoutoa nje ni dola za fedha.

Tangu 1878 sheria iliilazimu serikali ya Marekani kununua fedha kwa wingi na kuichapa dola, bila kujali kama wananchi walizihitaji. Wananchi hawakuzihitaji sana, ni nzito. Zikatiwa kwenye magunia ya dola elfu moja moja na kulazwa kwenye ghala za Hazina kwa miongo mingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 watu wakashtukia kwamba unaweza kwenda na noti yako ukapewa dola ya fedha ya zama za babu zako, mpya kabisa. Foleni zikawa ndefu, hadi Machi 1964 Hazina ilipofunga dirisha. Zilizobaki, karibu milioni 2.9, nyingi zikiwa zimechapwa Carson City huko Nevada, ziliuzwa na serikali kwa awamu kati ya 1972 na 1980.

Sasa fikiria tatizo lililozuka. Kipimo cha Sheldon kilitengenezwa hasa kwa ajili ya uchakavu: sarafu imepita mifukoni kiasi gani. Dola hizi hazikuwa zimepita mfuko wa mtu yeyote. Zote, kwa kipimo hicho, zilikuwa 60 na kuendelea. Hata hivyo hazikufanana. Ukitupa dola elfu moja kwenye gunia moja na kulihamisha gunia hilo kutoka ghala moja hadi jingine kwa miaka themanini, zinagongana. Moja inatoka na shavu lililokwanguliwa, nyingine inatoka kama kioo. Sehemu ya kipimo iliyokuwa na ngazi tatu tu, kwa sababu Sheldon hakuwa na sarafu nyingi za namna hiyo, ndiyo ikageuka kuwa uwanja wa fedha nyingi.

Chama cha wakusanyaji wa Marekani, ANA, kilitoa kitabu chake cha viwango mwaka 1977, kikichukua kipimo cha Sheldon na kukitumia kwa sarafu zote za nchi hiyo. Hazikupita siku nyingi kabla ya ngazi za 63 na 67 kuongezwa kati ya zile tatu. Mwaka 1979 idara ya chama hicho iliyokuwa imeanzishwa 1972 kwa ajili ya kutambua sarafu bandia, ANACS, ikaanza pia kutoa cheti cha daraja. Walikuwa waungwana: kila upande wa sarafu ulipewa namba yake. Sarafu iliweza kuwa 63 mbele na 65 nyuma.

Wakati haukuwa mzuri, au ulikuwa mzuri mno. Januari 1980 bei ya fedha ilikaribia dola 50 kwa aunsi, na sarafu zikapanda nayo. Watu ambao hawakuwahi kukusanya hata stempu walinunua sarafu za daraja la 65 kama akiba ya uzeeni. Bei zilipoanguka, macho ya wapangaji yakawa makali zaidi, na wengi waliokwenda kuuza waliambiwa kwamba 65 yao, kwa viwango vya sasa, ni 63. Sarafu ilikuwa kabatini muda wote. Daraja ndilo lililosafiri, na nusu ya bei au zaidi likaondoka nayo.

Plastiki

Hasira hiyo ndiyo iliyozaa mfumo wa leo. Februari 1986 kampuni ya PCGS ilifungua milango California. Wataalamu kadhaa wanaitazama sarafu kila mmoja kwa wakati wake, wanakubaliana namba moja, kisha sarafu inafungiwa ndani ya kisanduku cha plastiki kisichofunguka bila kuvunjwa, pamoja na dhamana. Mwaka uliofuata ikaja NGC, mshindani wake mkubwa mpaka leo. Mwaka huohuo wa 1986 ANA ikakubali rasmi kwamba namba zote kuanzia 60 hadi 70 zitumike. Ngazi tatu za Sheldon zikawa kumi na moja.

Hapa ugomvi ukawaka. Waliounga mkono walikuwa na hoja ya maana: sokoni watu walikuwa tayari wanasema "hii ni 63 nzuri", "ile ni 65 dhaifu", na kati ya 63 na 65 kulikuwa na shimo la maelfu ya dola. Bora 64 iandikwe kuliko kunong'onwa. Waliopinga waliuliza kama kuna jicho la binadamu linaloweza kutenganisha 61 na 62 leo, na kuzitenganisha vilevile Jumatatu ijayo baada ya usingizi mbaya.

Mimi naona pande zote mbili zilipishana na jambo moja la hesabu. Ukiwa na madaraja matatu una mipaka miwili. Ukiwa na kumi na moja una mipaka kumi. Ugomvi wa madaraja hauzuki katikati ya daraja, unazuka mpakani. Kuongeza madaraja ili kupunguza ugomvi ni sawa na kugawa shamba vipande vidogovidogo ili ndugu waache kugombea mipaka. Kila kipande kinazidi kuwa na jirani.

Na pale penye mpaka, pana biashara. Tuseme 64 ya aina fulani inauzwa dola 1,000 na 65 inauzwa dola 6,000. Una 64 nzuri. Ukivunja plastiki na kuirudisha sarafu kwa wapangaji mara kumi, kwa ada ya makumi ya dola kila mara, unahitaji kubahatika mara moja tu. Kuna watu wameishi kwa kazi hii. Sarafu moja ikapita kaunta mara nane, na kila ikipita, kama mwenyewe hakurudisha kibandiko cha zamani, orodha ya kampuni ikahesabu sarafu mpya. Na kwa sababu hakuna anayeivunja tena sarafu iliyobahatika, madaraja kwa ujumla yakawa yanasogea juu tu. Ugonjwa wa maneno ukarudi umevaa namba.

Kwa muda kidogo hata kampuni kubwa za Wall Street, Kidder Peabody na Merrill Lynch miongoni mwao, zilianzisha mifuko ya uwekezaji wa sarafu. Sasa mtu anaweza kununua sarafu bila kuiona, kama hisa, namba inatosha. Mwaka 1989 bei zilifika kileleni, kisha zikaanguka vibaya. Mwaka 1990 Tume ya Biashara ya Shirikisho iliifikisha PCGS mahakamani kuhusu matangazo yaliyofanya upangaji uonekane hauna upendeleo wala makosa, na shauri likamalizwa kwa makubaliano ya kuwaeleza wateja kwamba kazi hii inahusu maoni ya binadamu.

Wakaja na kompyuta. PCGS ilionyesha mashine yake mwaka 1990, na kampuni nyingine, Compugrade, ilipanga dola za fedha kwa desimali: sarafu inaweza kuwa 64.3 au 65.4. Hakuna hata moja iliyodumu. Ilitakiwa ile ndoto ifike mwisho wake ndipo ionekane ilivyo: mnunuzi hakujua afanye nini na nukta tatu. Hakuna bei ya nukta tatu.

Alama ya kujumlisha

Mwaka 2007 mmoja wa waanzilishi wa NGC, John Albanese, alianzisha kampuni ambayo haikupanga sarafu kabisa. CAC iliangalia sarafu zilizokwisha kufungiwa na, ikiziona zinastahili namba yake bila shaka, ikabandika kibandiko kidogo cha kijani juu ya plastiki. Kama ilistahili zaidi, kibandiko cha dhahabu. Tafakari maana yake, ndugu msomaji. Soko lilikuwa limelipia jicho la pili ili liliamue jicho la kwanza, na watu wakalipa kwa furaha, maana kati ya 64 mbili, yenye kijani iliuzwa bei zaidi.

Kampuni zilielewa. Mwaka 2010 PCGS na NGC zote mbili zikaanza kutoa alama ya kujumlisha: 64+, yaani iko juu ndani ya daraja lake lakini haijafika 65. Huu ndio mjadala uliochemka kuliko yote, na naomba tuutendee haki.

Hoja ya wanaounga mkono ni ya haki kweli. Mwenye 64 nzuri, kama si mjanja wa kuvunja plastiki, alikuwa anapunjwa. Mjanja alinunua kwake kwa bei ya 64, akaenda kujaribu bahati, akapata 65, faida yote ikawa yake. Alama ya kujumlisha inamrudishia mwenye mali sehemu ya faida hiyo, na inapunguza hamu ya kuvunja.

Hoja ya wanaopinga nayo ina uzito. Alama mpya ilimaanisha kwamba mamilioni ya sarafu zilizokuwa zimefungwa tayari ziligeuka ghafla kuwa 64 "bila kitu", na wenye nazo wakalazimika kulipa ada ili ziangaliwe upya. Aliyebuni daraja jipya ndiye anayeuza huduma ya kulitafuta. Pia kampuni hizi huendesha mashindano ya makusanyo, ambapo kila sarafu ina pointi kulingana na daraja lake, na mtu anayetaka kuongoza orodha atalipa chochote kwa pointi moja zaidi. Ushindani wa namna hiyo ndio uliofanya senti ya 1963 ifike dola 39,100. Alama ya kujumlisha iliongeza ngazi za kugombea.

Na baada ya yote hayo, mwaka 2023 NGC ilileta kwa ajili ya sarafu za miaka ya karibuni kipimo cha kuanzia 1 hadi 10, kwa maelezo kwamba 70 ya Sheldon inawachanganya wageni. 70 ikawa 10, na 69 ikawa 9.9. Desimali zilizokataliwa mwaka 1991 zimerudi kwa mlango wa nyuma.

Vinavyohesabika

Hata hivyo si kila daraja dogo ni mazingaombwe. Kuna alama ambazo nazitetea.

Sarafu ya senti kumi ya Marekani iliyochapwa tangu 1916 hadi 1945 ina nyuma yake picha ya fungu la fito lililofungwa kwa mikanda. Chapa ikigonga vizuri, mikanda miwili ya katikati inatengana waziwazi na mfereji unaonekana kati yake. Ikigonga hafifu, inaungana. Philadelphia ilichapa zaidi ya milioni 159 za mwaka 1945, na karibu zote mikanda imeungana. Sarafu safi ya kawaida ya mwaka huo ni ya bei ndogo. Yenye mikanda iliyotengana inauzwa kwa maelfu. Vivyo hivyo sarafu ya senti tano yenye nyumba ya Thomas Jefferson: watu huhesabu ngazi za mbele ya nyumba, kama tano au sita zimekamilika.

Kuna ubishi hapa pia. Mkwaruzo ukikatiza ngazi mbili, je, bado ni kamili? Lakini ni ubishi ambao mimi na wewe tunaweza kuufanya tukiwa na lenzi moja na sarafu moja, bila kumpigia simu mtu yeyote California. Jambo liko mbele yetu, tunalinyooshea kidole.

Wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uhabeshi na pwani zetu walilijua hili zamani. Reale ya Maria Theresa, ile yenye mwaka 1780 hata ikichapwa karne moja baadaye, ilipokelewa baada ya kukaguliwa kwa jicho. Huko Uhabeshi watu walizihesabu lulu tisa kwenye pambo la begani la malkia. Zikiwa zimefutika au zimepungua, sarafu ilikataliwa. Mwuzaji na mnunuzi walihesabu pamoja. Hapakuwa na daraja la 64 wala la 65, kulikuwa na lulu tisa au hakuna biashara.

Hiyo ndiyo tofauti ninayoiona kati ya aina mbili za madaraja madogo, ambazo wanaobishana huzichanganya kila siku. Aina ya kwanza inamwongezea mnunuzi jicho: inamwambia atazame wapi. Aina ya pili inamwondolea jicho: inamwambia kwamba mwingine ameshatazama. 64+ iko kwenye aina ya pili. Ukiuliza ni kitu gani kinaitenganisha na 64, jibu ni kwamba wataalamu wameona hivyo.

Tembo wa Tabora

Kama unadhani haya ni ya Marekani peke yake, kuna sarafu moja ya kwetu ambayo imeshaingia kwenye plastiki hiyo.

Mwaka 1916, Afrika Mashariki ya Kijerumani ilikuwa imezingirwa na fedha zimeadimika. Katika karakana ya reli huko Tabora, Wajerumani walichapa sarafu za dharura. Za shaba na shaba njano zilikuwa hela tano na hela ishirini, na neno lao Heller ndilo tunalotumia hadi leo tukisema "sina hela". Ya dhahabu ilikuwa ya rupia 15, ya dhahabu ya Sekenke, ina tembo aliyeinua mkonga na mlima nyuma yake. Zilichapwa 16,198. Leo hii ni miongoni mwa sarafu za Afrika zinazotafutwa zaidi duniani, na nyingi unazoziona kwenye minada ya Ulaya na Marekani ziko ndani ya visanduku vya PCGS au NGC zikiwa na namba za Sheldon.

Sasa tazama kazi inayotakiwa kufanywa na namba hiyo. Karakana ya reli haikuwa kiwanda cha fedha. Sarafu nyingi za Tabora zina sehemu ambazo chapa haikugonga sawasawa, na sehemu hafifu namna hiyo, kwa jicho lisilozoea, inafanana na sehemu iliyosagika kwa kutumika. Mpangaji anapaswa kuamua: tembo huyu amefifia kwa sababu alipita mikononi mwa watu, au alizaliwa hivyo vitani? Jibu la kwanza linamshusha chini ya 60, la pili linamweka juu yake. Swali hilo ni zuri, na lina jibu ndani ya sarafu: uchakavu huanza kwenye sehemu zilizoinuka na hufuta mng'ao, udhaifu wa chapa huacha mng'ao mahali pake. Ukieleza hivyo, mtu wa Tabora anajifunza kitu kuhusu karakana, vita na chuma. Ukiandika 61 au 62, anajifunza bei, na hata bei yenyewe ni ya leo tu.

Wataalamu wanaozipenda sarafu hizi huzigawa pia kwa mapambo yaliyo pembeni, kama ncha yake inaishia chini ya herufi A au T ya neno la Kijerumani la Afrika Mashariki. Hilo nalo ni daraja dogo kupindukia. Lakini linatuambia kwamba kulikuwa na zaidi ya chapa moja ya kuchapia, na kwamba mtu fulani alikaa akachonga upya. Linahesabika, kila mtu anaweza kuliona, na linasema jambo lililotokea.

Kwa hiyo sipingi kugawa. Jicho la binadamu linapenda kugawa, na mkusanyaji asiyegawa ni mtu mwenye debe la chuma tu. Ninachouliza kwa kila daraja jipya ni swali moja: mnunuzi wa kawaida, mwenye lenzi ya bei ndogo na subira, anaweza kulipinga? Kama anaweza, daraja hilo limemwongezea elimu, na liandikwe hata kama ni dogo kama unywele. Kama hawezi, basi anaponunua 65 badala ya 64, ile tofauti ya dola elfu kadhaa analipia imani yake kwa waliotazama, na imani hiyo, tumeona mwaka 1980, mwaka 1989 na kwenye senti ya Lincoln, inaweza kushuka daraja bila sarafu kusogea kutoka kabatini.